Namna ya Kuchunguza Chimbuko la Ugomvi wa Wakatoliki na Waprotestanti katika Buganda

Anayepewa kazi ya kueleza kwa nini Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana mwaka 1892, na kwa nini kivuli cha vita hivyo kilionekana hata katika uchaguzi wa Uganda wa mwaka 1961, kwa kawaida hukimbilia Ulaya. Humtaja Martin Luther na mwaka 1517, humtaja Mfalme Henry VIII aliyejitenga na Papa mwaka 1534, kisha huruka zaidi ya miaka mia tatu na kutua ufukweni mwa Ziwa Victoria, kana kwamba ugomvi wa Wazungu ulipakiwa chomboni na kushushwa Buganda ukiwa mzima. Njia hiyo ni fupi, lakini humwacha msomaji bila jibu la swali lililo kubwa zaidi: Waganda ambao hawakuwahi kuiona Roma wala Canterbury walipata wapi sababu ya kupigana risasi? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu anayeandaa somo, mwanafunzi anayeandika insha, na yeyote anayetaka kulieleza jambo hili kwa usahihi. Unapendekeza kwamba uchunguzi uanzie katika ikulu ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, ufuate vyeo na mashamba, na mafundisho ya dini yaletwe pale tu ambapo vyeo na mashamba havitoshi kueleza kilichotokea.

Anza na ikulu

Katika karne ya 19 Buganda ilikuwa na Kabaka juu, Katikkiro chini yake kama waziri mkuu, na wakuu wa masaza, yaani majimbo ya ufalme, ambao wengi wao waliwekwa na kuondolewa kwa neno la Kabaka. Ardhi ilifuata cheo. Aliyepewa cheo alipata pamoja nacho mashamba ya migomba na watu wa kuyalima, na aliyevuliwa aliondoka mikono mitupu. Vijana kutoka koo mbalimbali walipelekwa ikulu kutumika, na miongoni mwao ndimo walimopatikana wakuu wa kizazi kilichofuata. Ni lazima jambo hili lielezwe mapema katika kazi yako, kwa sababu dini za kigeni ziliingia Buganda kupitia mlango wa ikulu kabla ya kufika vijijini, na waliobatizwa mwanzoni walikuwa, kwa sehemu kubwa, wale wale vijana waliokuwa wakingojea vyeo.

Usisahau pia kwamba Uislamu ulitangulia. Wafanyabiashara wa pwani walifika katika zama za Kabaka Suna II, miaka ya 1840, na mwanawe Mutesa I alifunga Ramadhani na kujifunza Kiarabu na Kiswahili. Henry Stanley alipofika Aprili 1875 alimwacha ikulu Dallington, kijana aliyesomeshwa na wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana, wa Zanzibar, ili amsomee Kabaka sehemu za Biblia kwa Kiswahili. Na Alexander Mackay wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana la Uingereza, aliyefika Novemba 1878, alizungumza na Mutesa kwa lugha hiyo hiyo. Hata neno la Kiganda okusoma, ambalo asili yake ni Kiswahili, lilikuja kumaanisha kusoma na kuabudu kwa pamoja, na wafuasi wa dini mpya wakaitwa abasomi. Ukikutana na neno hilo katika maandishi ya wakati ule, usiharakishe kulifasiri kuwa ni wanafunzi wa shule.

Kwa nini Mutesa aliwakaribisha wamisionari? Jibu la uchaji lina sehemu yake, lakini Misri ilikuwa ikisukuma mipaka yake kusini kupitia Sudan, na Kabaka alihitaji marafiki wenye bunduki. Waprotestanti wa CMS walifika tarehe 30 Juni 1877. Mapadre Weupe, shirika la Kikatoliki lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, walifika tarehe 17 Februari 1879 kwa njia ya Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans. Mutesa alipenda kuwasikiliza Wazungu hawa wakibishana barazani, na Lourdel alipokataa kupiga magoti wakati Mackay akiongoza sala, Kabaka na wakuu wake waliona kwa macho kwamba Wazungu wenyewe hawana dini moja. Hapa ndipo mahali pa kumleta Luther, na aya moja inamtosha: mamlaka ya Papa, heshima ya Bikira Maria, ekaristi, nafasi ya Biblia. Baada ya hapo mwache apumzike. (Atarudi mwenyewe kwa jina tu, kwa kuwa mmoja wa makatikkiro wa karne ya 20 aliitwa Martin Luther Nsibirwa.)

Chora jedwali la safu tatu

Watu wengi huandika mfululizo wa tarehe na matukio wakaridhika. Ongeza safu ya tatu, na juu yake uandike: nani alipata au alipoteza cheo, shamba au bunduki. Safu hiyo itakufundisha zaidi kuliko mbili za mwanzo.

Jaza kwanza miaka ya mauaji. Mutesa alifariki Oktoba 1884 na kurithiwa na mwanawe Mwanga, kijana wa umri wa miaka kama 18. Januari 1885 vijana watatu wa Kiprotestanti waliuawa. Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington aliuawa huko Busoga. Novemba aliuawa Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyekuwa na madaraka ikulu. Na tarehe 3 Juni 1886 Charles Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti siku moja. Kanisa Katoliki linawaheshimu mashahidi 22 wa kipindi hicho, na Waanglikana 23. Sasa tazama jedwali lako. Tofauti za mafundisho zilikuwapo tayari, wamisionari walikuwa wamekwisha kugombana kwa miaka saba, na hata hivyo wafuasi wao hawakuinuliana mkono, walikufa pamoja. Ugomvi wenye damu baina yao ulingoja mpaka kilipopatikana cha kugawana.

Kilipatikana upesi. Baada ya mauaji, Mwanga aligeuza mwendo akawapa vijana wa dini vikosi vya bunduki na mashamba ya kuvitunza, akiwategemea dhidi ya wakuu wazee. Septemba 1888, alipotaka kuwaondoa, Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti waliungana wakamng'oa na kumweka ndugu yake Kiwewa, na vyeo vikagawanywa: ukatikkiro ulikwenda kwa Mkatoliki, Honorat Nyonyintono. Mwezi uliofuata Waislamu waliwafukuza Wakristo wote, baadaye wakamtawaza ndugu mwingine, Kalema. Wakristo walikimbilia Nkore, ufalme jirani wa magharibi, na Mwanga akapata hifadhi kwa Mapadre Weupe kusini mwa ziwa, huko Bukumbi karibu na Mwanza. Charles Stokes, mfanyabiashara aliyewahi kuwa mmisionari wa CMS na ambaye sasa aliuza silaha, alimsafirisha kwa mashua yake kurudi vitani. Usiwaache Waislamu nje ya maelezo yako kwa sababu tu kichwa cha kazi kinataja Wakristo. Bila hofu ya Waislamu na ya Kabalega wa Bunyoro aliyewaunga mkono, hutaelewa kwa nini pande mbili za Kikristo zilivumiliana kwa muda.

Kaa zaidi na miaka ya 1889 hadi 1892

Kama una saa kumi za kusoma, tumia sita katika kipindi hiki. Oktoba 1889 Wakristo walimrudisha Mwanga Mengo, kilima cha ikulu, na baada ya kutolewa tena kwa muda walirejea moja kwa moja Februari 1890. Nyonyintono alikuwa amekufa vitani; Apolo Kagwa, Mprotestanti, akawa Katikkiro, na Stanislaus Mugwanya, Mkatoliki, akawa Kimbugwe, cheo kilichofuata kwa ukubwa. Vyeo vya nchi nzima viligawanywa kwa kupishana: mahali ambapo mkuu wa saza alikuwa Mkatoliki, aliyemfuata alikuwa Mprotestanti, na aliye chini ya huyo Mkatoliki tena. Nia ilikuwa kuzuia upande mmoja usitawale eneo lolote peke yake. Matokeo yake, kila mkuu alikaa kati ya wapinzani wawili, juu na chini, na kila shauri la mpaka wa shamba likawa shauri la dini.

Kulikuwa na sharti moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo ufunguo wa habari yote, ingawa vitabu vingi vya shule hulipita. Ilikubaliwa kwamba anayebadili dini aache cheo na shamba lake, vibaki kwa upande aliouacha. Wakati Kabaka hakuegemea popote, sharti hilo halikuwa na uzito mkubwa. Mwanga alipoonekana kuwa upande wa Wakatoliki, watu walianza kumfuata, kama walivyozoea kumfuata Kabaka tangu zamani, na Waprotestanti wakaona kwamba bila sharti lile watapungukiwa mashamba na watu mpaka waishe. Wakatoliki nao wakadai kwamba dhamiri ya mtu haifungwi na shamba, na kwamba kumnyang'anya aliyebadili dini ni kumzuia asimfuate Mungu. Soma hoja hizo mbili polepole. Kila upande ulikuwa na haki inayoeleweka, na kila upande ulisema lugha ya imani juu ya jambo lililokuwa pia la migomba na watu. Usimhukumu yeyote kuwa mnafiki. Waliopigana waliamini kweli, wengi wao wakiwa wameona rafiki zao wakichomwa.

Majina ya pande hizi nayo yanastahili aya yake. Wakatoliki waliitwa Bafransa na Waprotestanti Bangereza, kwa taifa la wamisionari wao. Katika Ulaya ya wakati huo Ufaransa na Uingereza zilikuwa zikigombania Afrika, hivyo jina liligeuka kuwa siasa. Unapoandika, fafanua tangu mwanzo kwamba Mfaransa wa Buganda alikuwa Mganda, ama sivyo msomaji atadhani majeshi ya Paris yalifika Mengo.

Kisha ilete kampuni. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana, na Buganda ikaangukia upande wa Uingereza bila Kabaka kuulizwa. Kapteni Frederick Lugard wa IBEA, kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, alifika Desemba mwaka huo, akajenga ngome juu ya kilima cha Kampala, na tarehe 26 akapata sahihi ya Mwanga kwa shingo upande. Waprotestanti waliiona bendera ya kampuni kuwa yao; Wakatoliki waliiona kuwa bendera ya wapinzani wao. Dhana yao haikuwa bure: kampuni ilipokaribia kuishiwa fedha mwaka 1891 na kutaka kuondoka, marafiki wa CMS huko Uingereza ndio waliochanga ili ibaki.

Cheche yenyewe ilikuwa ndogo. Januari 1892 Mkatoliki alimuua Mprotestanti katika ugomvi uliohusu bunduki. Mwanga alisikiliza kesi akamwachia mshtakiwa, Lugard akadai auawe, Kabaka akakataa. Lugard aliwagawia Waprotestanti bunduki, na Jumapili tarehe 24 Januari pande mbili zikapigana chini ya vilima vya Mengo na Rubaga, bombom la Maxim likafyatuliwa kutoka ngomeni, na kanisa la Wakatoliki pale Rubaga likateketezwa. Mwanga alikimbilia kisiwa cha Bulingugwe, na baadaye Buddu. Unapoeleza siku hiyo, tenganisha sababu na cheche. Mwandishi anayesema vita vilitokana na kesi ya bunduki ni sawa na anayesema nyumba iliungua kwa sababu ya kiberiti, bila kuuliza nani alimwaga mafuta sakafuni.

Fuata mgawanyo wa baada ya vita kwa ramani

Fungua ramani ya Buganda na utie rangi. Katika mapatano ya mwaka 1892 Wakatoliki walipewa Buddu, saza la kusini-magharibi ambalo leo liko upande wa Masaka, na maelfu ya watu wakahama na familia zao kufuata dini yao. Mwaka 1893 Gerald Portal, mjumbe wa serikali ya Uingereza, aliwaongezea maeneo mengine, vikiwamo visiwa vya Sese, na akaagiza wawepo makatikkiro wawili, mmoja wa kila upande. Mwaka 1894 nchi ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Serikali hiyo baadaye iliwalipa Mapadre Weupe fidia ya pauni 10,000. Mwaka 1895 walifika mapadre wa Mill Hill, shirika la Kikatoliki la Uingereza, chini ya Askofu Henry Hanlon wakakaa Nsambya, na maana ya ujio wao iko wazi: Mkatoliki aweze kuwa Mkatoliki bila kuitwa Mfaransa.

Mkataba wa tarehe 10 Machi 1900 ulikaza fundo. Katika mawaziri watatu wa Buganda, wawili walikuwa Waprotestanti, Kagwa Katikkiro na Zakaria Kisingiri mtunza hazina, na mmoja Mkatoliki, Mugwanya, jaji mkuu. Wakuu walipata ardhi iliyoitwa mailo, waliyoimiliki wenyewe na iliyoweza kurithiwa, kwa hiyo mgawanyo wa vyeo wa siku ile uliingia katika mirathi ya wajukuu. Aliyesoma habari za Ireland ya Kaskazini, ambako walowezi wa Kiprotestanti walipewa ardhi ya Ulster kuanzia mwaka 1609, ataitambua sura hii, ingawa huko walikuja wageni na hapa waliogawana walikuwa ndugu wa lugha moja.

Soma vyanzo ukiuliza nani ameshika kalamu

Karibu kila shahidi wa vita hivi alikuwa na upande. Lugard alichapisha kitabu chake mwaka 1893, wakati anahitaji kujitetea mbele ya umma wa Uingereza. Mapadre Weupe waliandika barua na taarifa zilizochapishwa Ufaransa zikimlaumu yeye. Kagwa, aliyeandika historia ya makabaka kwa Kiganda, alikuwa kiongozi wa upande ulioshinda. Njia nzuri ni kuchukua tukio moja, kwa mfano asubuhi ya tarehe 24 Januari, na kuandika katika karatasi mbili kile kinachosemwa na kila upande, kisha kupigia mstari yale ambayo wote wanayakubali. Hayo ndiyo utakayoyaandika bila kusitasita. Mengine yaandike ukimtaja msemaji. Chunguza pia vitenzi: upande mmoja ukisema walishambulia na mwingine ukisema walijitetea, umepata mahali pa kuchimba.

Endelea mpaka mwaka 1962

Usiishie mwaka 1900. Onyesha jinsi mgawanyo ulivyolelewa shuleni: Wakatoliki Namilyango tangu 1902 na Kisubi, Waprotestanti Budo tangu 1906. Onyesha kwamba hakuna Mkatoliki aliyekuwa Katikkiro tangu mkataba wa 1900 hadi uhuru wa mwaka 1962, na kwamba Matayo Mugwanya alipoutafuta ukatikkiro mwaka 1955 alishindwa. Chama cha DP (Democratic Party), kilichoanzishwa mwaka 1954, kilibeba manung'uniko hayo, na wapinzani wake wakazifasiri herufi zake kwa Kiswahili cha kejeli kuwa Dini ya Papa. Kikiongozwa na Benedicto Kiwanuka kilishinda uchaguzi wa mwaka 1961, kwa kuwa Waganda wengi walisusia kura na DP ikachukua karibu viti vyote vya Buganda. Mwaka uliofuata chama cha UPC (Uganda People's Congress) cha Milton Obote na Kabaka Yekka, chama cha watetezi wa ufalme, viliungana vikaiondoa DP. Hapa tahadhari inahitajika: kulikuwa na Waprotestanti ndani ya DP na Wakatoliki ndani ya UPC, na hoja za ufalme, za kaskazini na kusini, na za bei ya pamba na kahawa zilikuwa na uzito wake. Dini ilieleza mengi, lakini haikueleza yote.

Nenda vilimani, kisha uwaulize wazee

Anayeweza kufika Kampala aanze Namirembe kwenye kanisa kuu la Waanglikana, atazame ng'ambo Rubaga lilipo la Wakatoliki, na Mengo iliyo jirani. Kilima cha ngome ya Lugard leo kinabeba Msikiti wa Taifa, jambo ambalo Lugard hangelibashiri. Namugongo tembelea sehemu mbili, basilika ya Wakatoliki na eneo la Waanglikana, na ukienda tarehe 3 Juni utawakuta mahujaji kutoka Tanzania na Kenya, wengine wakiwa wametembea kwa miguu.

Kazi yenye thamani kubwa zaidi iko Masaka na vijiji vya Buddu, kwa wazee ambao babu zao walihama mwaka 1892. Ukifika, jitambulishe kwa mwenyeji wako, msalimie kwa heshima ya Kiganda, na usianze kwa kuuliza habari za ugomvi wa dini, maana utapewa jibu la heshima lisilo na kitu ndani yake. Uliza ukoo ulitoka saza gani, ulipita njia ipi, ulipewa shamba na nani, na kule ulikotoka shamba lilibaki kwa nani. Andika majina ya mahali kama yanavyotamkwa, mwombe mzee ruhusa kabla ya kurekodi, na majibu yake uyaingize katika safu ya tatu ya jedwali lako.